Rangi inayojiponya: Tiba ya mawe ya Naivasha au mbwembwe za dukani?

MAWE ya Naivasha hayajui bingwa wala mwanagenzi. Gari la timu ya kiwanda linapigwa, na Subaru ya jamaa aliyejichanga na rafiki zake nayo inapigwa vilevile. Tofauti inaonekana jioni. Timu kubwa inang'oa bampa lililochakaa, inafunga jipya, inabandika stika mpya na kesho yake gari linarudi njiani likiwa safi. Jamaa wa Subaru anachukua ndoo, kitambaa na tochi, kisha anaanza kuhesabu makovu. Jumatatu gari hilohilo ndilo linalompeleka kazini.

Mtu wa aina hiyo ndiye anayefuatwa sana siku hizi na wauzaji wa kile kinachoitwa rangi inayojiponya. Maneno ni matamu: gari likikwaruzwa, liache juani, urudi baada ya chai ukute alama imepotea. Video za simu zinaonyesha mtu akisugua boneti kwa brashi ya waya, anamwaga maji ya moto, na mikwaruzo yote inafutika mbele ya macho. Wapo walioamini wakatoa hela, wakafurahi. Wapo walioamini wakatoa hela, wakalia.

Wote wawili wanasema kweli. Kinachowatenganisha mara nyingi ni walichonunua, mahali walipokibandika na aina ya kovu walilotaka likiponyeshe.

Vitu vitatu, jina moja

Kosa la kwanza hutokea kabla hata fedha haijatoka mfukoni. Jina "rangi inayojiponya" linatumika kwa vitu vitatu ambavyo si ndugu wa tumbo moja.

Cha kwanza ni rangi yenyewe inayopakwa kiwandani. Juu ya rangi ya gari huwa kuna tabaka linalong'aa, lile mafundi wa gereji wanaloliita kliya. Kampuni chache zimewahi kutengeneza kliya laini kidogo, yenye kunyumbulika, ambayo ikikwaruzwa juu juu hurudi taratibu kwenye umbo lake.

Cha pili ni karatasi angavu ya plastiki inayobandikwa juu ya rangi. Madukani inaitwa PPF, jina ambalo kwa Mtanzania wa makamo linamkumbusha mfuko wa pensheni. Hii ya magari ni filamu ya poliyurethani yenye gundi upande wa chini na koti jembamba upande wa juu. Koti hilo ndilo linalojiponya.

Cha tatu ni dawa ya kupaka, maarufu kama seramiki. Hiyo ni kimiminika kinachofutwa juu ya kliya kikakauka na kuacha utando mwembamba mno. Inasaidia maji kuteleza, uchafu usishike na gari kung'aa. Lakini seramiki ya kawaida haijiponyi. Ikikwaruzwa imekwaruzwa. Wengi wanaolalamika kwamba "rangi inayojiponya ni uongo" walipakwa seramiki na kuambiwa ndiyo hiyohiyo.

Hata ile alama ya "9H" inayotajwa kwa mbwembwe kwenye chupa za seramiki inapotosha wengi. Hicho ni kipimo cha ugumu kinachotumia penseli. Maana yake ni kwamba penseli ngumu ya ngazi hiyo haikuacha mkwaruzo kwenye kipande cha majaribio. Haina uhusiano na jiwe linalorushwa na tairi la gari la mbele kwenye njia ya Kedong.

Kutoka Datsun hadi Scratch Shield

Kwa mashabiki wa mbio za magari wa Afrika Mashariki, kampuni iliyoleta rangi ya kujiponya sokoni si ngeni hata kidogo. Ni Nissan, ambayo magari yake yalijulikana hapa kwa jina la Datsun enzi Safari Rally ikipasua Kenya, Uganda na Tanzania. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Datsun ilishinda mwaka 1970 na 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Shekhar Mehta akaipa ushindi mwaka 1973, kisha akafunga kazi kwa kushinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi wake wa mara tano bado unatajwa kila mbio hizo zinapokaribia.

Magari ya enzi hizo yalijilinda kwa chuma. Mbele yalifungwa ngao za kuzuia wanyama na mawe, taa zikafunikwa wavu, na rangi haikuwa hoja. Gari likifika Nairobi na magurudumu manne, watu walishangilia.

Desemba 2005, kampuni hiyohiyo ikatangaza kule Japani kliya mpya yenye utomvu unaonyumbulika, na gari la kwanza kuipata likawa Murano. Nissan ilieleza kwamba mkwaruzo mdogo ungeweza kupotea kwa muda wa kati ya siku moja na wiki moja, kutegemea kina chake na joto la mahali gari lilipo. Ilisema pia kwamba alama zinazoachwa na mashine za kuoshea magari zingekuwa moja ya tano tu ya zile zinazoonekana kwenye kliya ya kawaida. Baadaye rangi hiyo ikajulikana kama Scratch Shield, ikafika kwenye X-Trail na magari ya Infiniti. Mwaka 2012 Nissan ikaipaka hata kwenye kasha la simu ya iPhone ili watu waijaribu mkononi.

Nyuma ya rangi hiyo kulikuwa na Chuo Kikuu cha Tokyo na kampuni ya Advanced Softmaterials. Siri yake ni kemikali iitwayo polirotaksani. Mtu akitaka kuielewa, afikirie shanga zilizotungwa kwenye uzi, na shanga za uzi mmoja zimefungwa na za uzi mwingine. Uzi ukivutwa, shanga zinateleza na kugawana mzigo badala ya uzi kukatika. Nguvu ikiondoka, shanga zinarudi zilikokuwa.

Habari hii inawahusu Waafrika Mashariki kuliko wanavyodhani, kwa sababu X-Trail na Murano zilizotumika Japani zimejaa mitaani Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Baadhi yake zilipakwa rangi hiyo, na wenye magari wala hawajui. Lakini asikimbie mtu kwenda kukwaruza lake kwa kisu. Nissan ilipoitambulisha ilizungumzia uwezo wa kudumu miaka mitatu hivi. Gari la mtumba hushuka Mombasa au Dar likiwa limekula miaka saba, nane au zaidi, limepigwa jua la Japani na chumvi ya bahari, na pengine limepakwa rangi upya. Dawa iliyokuwamo mara nyingi imeshaisha nguvu.

BMW nayo iliingia kwa mlango mwingine mwaka 2021 na gari lake la umeme, iX. Uso wa mbele wa gari hilo, ambao ndani yake kuna kamera na vihisi, umepakwa poliyurethani inayojiponya. Kampuni ilisema mkwaruzo mdogo hupotea ndani ya saa 24 katika joto la kawaida la chumba, au kwa dakika tano za hewa ya moto. Sababu ya kulinda uso huo tu inaeleweka: ndio unaokutana na mawe kwanza, na nyuma yake kuna vifaa vya bei mbaya.

Mzaliwa wa helikopta

Filamu, ile karatasi ya plastiki, ina asili ya kijeshi. Wakati wa vita vya Vietnam, helikopta za Marekani zilikuwa zikiharibiwa mapanga yake na mchanga na vifusi kila zinapotua. Kampuni ya 3M ikatengeneza utepe wa poliyurethani wa kuyafunika. Miaka ya baadaye wana mbio za magari wakaona kwamba kinachoweza kustahimili mchanga kwenye panga la helikopta kinaweza kustahimili kokoto kwenye pua ya gari. Utepe ukahamia kwenye magari ya mashindano, kisha ukateremka hadi kwa raia.

Utepe wa zamani ulikuwa mgumu kuubandika, ukageuka njano na wenyewe haukujiponya. Filamu za kisasa zimebadilika. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 200, yaani theluthi moja ya milimita haifiki. Kliya ya kiwandani ni kama mikroni 40 au 50 tu, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa wengi. Hapo ndipo hesabu inapokuwa wazi: filamu inaongeza ngozi yenye unene mara nne au zaidi ya ile aliyozaliwa nayo gari, na ngozi hiyo ikichoka inabanduliwa na kubandikwa nyingine.

Nyasi zilizokanyagwa na nyasi zilizong'olewa

Ni kovu gani linapona? Jibu lipo kwenye uwanja wa mpira. Baada ya dakika 90, kuna nyasi zilizolala kwa kukanyagwa na kuna vipande vilivyong'olewa na daluga. Zilizolala hunyanyuka zenyewe kesho yake. Zilizong'olewa hazirudi hata mvua inyeshe wiki nzima. Lazima fundi wa uwanja apande nyingine.

Koti linalojiponya liko hivyohivyo. Mkwaruzo mwepesi huwa umeisukuma plastiki pembeni bila kuiondoa. Minyororo ya molekuli imevutwa ikalala upande. Joto likiingia, inalegea na kurudi katika umbo lake la kwanza. Lakini jiwe lenye ncha likichimba, au msumari ukapita hadi chini, plastiki imetoka. Hakuna jua litakaloirudisha.

Ndiyo maana wamiliki wenye uzoefu wanazungumzia zaidi mikwaruzo ya kuosha kuliko mawe. Zile duara nyembamba kama utando wa buibui zinazoonekana gari jeusi likiwa juani, alama za kucha kwenye vishikio vya milango, vumbi lililofutwa kwa kitambaa kikavu, mti wa michongoma ulioegemea ubavuni kwenye njia nyembamba: hizo ndizo zinazopotea. Pedali ya bodaboda iliyopita kwa nguvu kwenye foleni kwa kawaida inaacha kovu kwenye filamu. Faida ni kwamba kovu limebaki kwenye filamu, na rangi iliyo chini mara nyingi haijaguswa.

Hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Kwa anayeshindana, kazi kubwa ya filamu ni kupigwa kwa niaba ya rangi. Kujiponya ni nyongeza. Filamu iliyochanika ikaokoa boneti imefanya kazi yake, kama kipa aliyevunjika kidole lakini mpira haukuingia.

Jua la Dar, baridi ya Limuru

Kwa kuwa joto ndilo daktari, mahali gari linapoishi pana maana. Gari jeusi lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa saa saba mchana, bati lake hupita nyuzi 60 bila taabu. Mwenye gari hilo anaweza asione kabisa mikwaruzo midogo, kwa sababu inapona kabla hajaigundua. Mwenzake wa Limuru mwezi Julai, gari likilala kwenye ukungu na mchana likishinda kwenye karakana ya chini ya ghorofa, anasubiri siku kadhaa na kudhani ametapeliwa.

Dawa ni rahisi. Maji ya moto, si yanayochemka kwa fujo, yanamwagwa polepole juu ya sehemu iliyosafishwa. Kikausha nywele nacho kinafanya kazi kikishikwa mbali kidogo na kusogezwa kila mara. Cha kuogopwa ni bunduki ya hewa ya moto ya gereji mikononi mwa kijana mwenye haraka: inaweza kuivuta filamu, kuikunja au kuiunguza gundi.

Jua nalo lina upande wa pili. Miale yake ndiyo inayochosha plastiki. Filamu duni hugeuka njano mapema, na gari jeupe ndilo linaloumbuka kwanza. Kwa hiyo jua la pwani linaponya mikwaruzo haraka, na wakati huohuo linaifupishia maisha filamu isiyo na kinga nzuri.

Kisha wako kunguru wa Dar na Zanzibar. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na kikikaushwa na jua juu ya boneti kinauma. Koti linalojiponya huvumilia kuliko kliya ya kawaida, lakini doa lililoachwa siku tatu si mkwaruzo. Ni kuungua. Wamiliki wanaotegemea filamu wakaacha kuosha gari ndio wanaoishia na madoa yasiyotoka. Utomvu wa miembe nao ni hivyohivyo.

Uwanja wa Ngong: mchezo wa tochi

Kama Naivasha ni uwanja wa mawe, uwanja wa farasi wa Ngong jijini Nairobi ni uwanja wa tochi. Hapo ndipo hufanyika Concours d'Elegance, shindano la magari na pikipiki linaloandaliwa na chama cha wamiliki wa Alfa Romeo. Majaji hukagua usafi na hali ya gari: rangi, injini, ndani, chini ya sakafu. Mtu anaweza kupoteza nafasi kwa vumbi dogo ndani ya buti.

Katika mchezo huo duara za kuosha ni adui namba moja. Mwenye gari la zamani akilisugua kwa mashine ili zipotee, kila msuguo unakula kidogo ya kliya au rangi yenyewe. Gari la mwaka 1968 halina rangi ya kuchezea. Ikiisha imeisha, na kupaka upya kunaondoa uasili. Wengine ndipo wanapoivutiwa filamu: inapokea mikwaruzo yote ya usafiri na kuosha, inajiponya, na rangi ya asili inabaki salama chini yake.

Lakini hapohapo kuna mtego. Rangi kuukuu, au iliyopakwa upya kwenye gereji ya mtaani bila kuandaliwa vizuri, haishiki bati sawasawa. Filamu ikibandikwa juu yake na siku moja ikabanduliwa, inaweza kuondoka na rangi. Hili ni miongoni mwa malalamiko machungu zaidi ya wamiliki, na linawapata hasa wa magari ya mtumba ambayo hawajui historia yake. Fundi mwaminifu hupima unene wa rangi kwa kifaa kila paneli kabla ya kukubali kazi. Akikuta mlango mmoja una unene mara mbili ya mwingine, anajua ulipakwa upya, na anamwambia mwenye gari ukweli.

Kwa wale wa vumbi

Tangu Safari Rally irejee kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19, mashabiki wa Naivasha wamelijua vumbi la fesh-fesh, lile laini kama unga wa ngano. Mwaka 2022 Toyota ilizoa nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiwa kinara, na magari yote manne yalimaliza yakiwa rangi moja: rangi ya vumbi.

Vumbi hilo ndilo msasa. Likiwa limetulia juu ya gari halina madhara makubwa. Mtu anapolifuta kwa kitambaa kikavu ndipo linapochora. Maelfu ya watazamaji wanaokwenda Naivasha na magari yao hurudi nyumbani na duara mpya, si kwa sababu ya mawe, bali kwa sababu ya kijana mwenye kitambaa kimoja na ndoo moja aliyeosha magari ishirini kwa maji yaleyale. Filamu inayojiponya husamehe kosa hilo. Kliya ya kawaida haisamehi.

Kwa madereva wa vilabu wanaoshindana Kenya, Uganda na Tanzania kwa fedha zao, uzoefu unaelekea upande mmoja: kufunika gari zima ni anasa, kufunika sehemu zinazopigwa ni busara. Sehemu hizo zinajulikana. Bampa la mbele, ukingo wa mbele wa boneti, taa, vioo vya pembeni, sehemu ya chini ya milango, na matao ya nyuma ya magurudumu ambako tairi la mbele hurusha kokoto. Hapo filamu nene inalipa. Paa halipigwi mawe na mtu yeyote.

Ikumbukwe pia kwamba stika za wadhamini zinazofunika magari ya mashindano ni vinili. Vinili ni kwa ajili ya sura. Ni nyembamba, haijiponyi, na mkwaruzo wake unabaki. Anayetaka vyote viwili hubandika filamu angavu juu ya vinili kwenye sehemu za hatari, na hapo gharama inapanda mara mbili.

Wanaopigwa chenga

Soko limejaa. Filamu ya poliyurethani ni ghali kutengeneza, ile ya PVC ni rahisi. Zikiwa kwenye bomba zinafanana, zote zinang'aa, na mteja wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa macho. PVC haijiponyi, inakakamaa, inageuka njano, na ikibanduliwa inatoka vipande vipande kama ganda la kitunguu na kuacha gundi nyuma.

Kuna jaribio dogo ambalo mnunuzi ana haki ya kuliomba. Achukue kipande cha filamu kutoka kwenye bomba litakalotumika, si kile cha maonyesho kilichowekwa mezani. Akivute: poliyurethani hunyumbuka kama mpira na kurudi. Kisha akikwaruze kwa brashi ya shaba na kumwaga maji ya moto. Ikijifuta, mazungumzo ya bei yaanze. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwishajibu swali.

Fundi ni nusu ya kazi. Filamu hubandikwa kwa maji ya sabuni na kukamuliwa kwa raba. Vumbi likiingia chini linabaki humo kama mchanga machoni. Fundi anayekata kingo kwa wembe moja kwa moja juu ya gari anaweza kuchora rangi aliyolipwa kuilinda, na mwenye gari hatajua hadi siku filamu itakapotoka na kutu kuonekana kwenye mstari ulionyooka. Mafundi wazuri hukata vipande kwa mashine kabla, au hutumia uzi maalumu wa kukatia.

Baada ya kazi, gari lisioshwe siku chache ili gundi ishike. Mashine ya maji ya nguvu isielekezwe kwenye kingo za filamu kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo inapoanza kunyanyuka. Mapovu madogo ya maji katika wiki ya kwanza ni kawaida na hukauka. Mapovu yanayobaki baada ya hapo ni kazi mbovu, na mteja arudi dukani.

Na dhamana isomwe. Nyingi za filamu nzuri huahidi miaka mitano hadi kumi, lakini kinachoahidiwa ni kwamba haitageuka njano, haitapasuka wala kubanduka yenyewe. Jiwe kuitoboa ni suala jingine. Anayeshindana aulize mapema, kwa maandishi, kama gari la mashindano linahesabiwa.

Hesabu ya mwisho

Swali la kila mwenye gari ni lilelile: inalipa? Kwa X-Trail ya miaka kumi na miwili yenye rangi ya gereji, hapana. Fedha hiyo ikanunue matairi na shokamzoba, halafu kinachobaki kinunue ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na vitambaa laini. Hatua hiyo peke yake inazuia mikwaruzo mingi kuliko dawa yoyote ya kwenye chupa.

Kwa gari jipya, au gari la zamani lenye rangi yake ya kiwandani ambalo mwenyewe anakusudia kukaa nalo miaka, kufunika uso wa mbele na vishikio vya milango kunaeleweka. Alinganishe bei hiyo na ya kupaka boneti na bampa upya kwa fundi anayejua kazi, akumbuke pia kwamba gari lenye rangi ya asili huuzika vizuri zaidi kuliko lililopakwa upya.

Na kwa jamaa wa Subaru, yule wa Jumamosi njiani na Jumatatu kazini, jibu liko katikati. Abandike pua, taa na matao, awaachie jua na maji ya moto mikwaruzo midogo, na kila msimu atenge fungu la kubadilisha kipande kilichochanika. Kabla ya kukunja mkataba, aende dukani na brashi ya shaba mfukoni.